Wapenzi wa muvi za kutisha mpo? Mi sitishiki tena, nifanyeje

Kandambili Moja (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Huku Dodoma leo upepo unavuma mpaka bati zinaongea, waifu na watoto washalala, mi nimebaki sebuleni na muvi ya mashetani na wala mwili haunisisimki, nikaona bora niwaletee hili swali.

Huu ugonjwa nimeupata nikiwa darasa la nne, mwaka 1995. Televisheni huku Bara ndo ilikuwa imeanza mwaka mmoja nyuma na kwetu ilikuwa habari ya kusimuliwa tu, sisi tulikuwa na kibanda umiza, mabenchi ya mbao, magunia yametundikwa dirishani jua lisiingie, TV ya chogo juu ya meza na deki chini yake. Siku hiyo wakaweka Evil Dead, ile ya Sam Raimi ya 1981. Watu wanasubiri steringi aanze kugawa mateke, hakuna mateke, kuna vijana watano wameenda kukaa kwenye nyumba ya porini wakawasha tepurekoda ina maneno ya kuamsha mashetani, basi, mpaka miti inakamata watu.

Wenzangu wawili walitoka kabla haijaisha. Mi nikabaki mpaka mwisho, na kusema ukweli kilichonimaliza sio mle ndani, ni kurudi nyumbani. Njiani kulikuwa na korongo na mbuyu mmoja ambao bibi alikuwa anatukataza hata kuusonta kidole. Jua limezama, vumbi linapepea, mfuko wa rambo ukaanza kunifuata. Nasema ukanifuata, nikisimama na wenyewe unasimama!! Nilitoka nduki nikaacha kandambili moja korongoni, kesho yake nikachapwa kwa ajili ya ile kandambili. Jumamosi iliyofuata nilikuwa benchi la mbele, pekupeku.

Toka hapo nimekula zote, Freddy na makucha yake, Chucky, za Kinaijeria za wale majini wanawake, za Wahindi za nyoka, za kwetu pia sikuacha, Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi nilizitazama kwa heshima zote. Sa hivi nina flashi imejaa, namaliza muvi naenda kwenye friji nakunywa maji nalala kama mtoto. Je ni umri au muvi za siku hizi ndo mbovu? Nipeni moja ya kunifanya niogope kwenda chooni. Waifu anasema nitubu.

---

Deki Mbovu

Mkuu umenirudisha mbali sana. Mi miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa muweka mikanda kwenye banda la video Kibaigwa, kazi yangu kukusanya hela mlangoni, kurudisha mikanda nyuma na picha ikianza kukata mistari nafungua deki nasafisha hedi kwa pamba na spiriti huku watu wananitukana.

Nikwambie kitu ambacho watazamaji hamkujua. Muvi ya ngumi ikiisha banda linatoka kwa kelele, watoto wanapigana mateke mpaka barabarani. Ya kutisha ikiisha HAKUNA ANAYETOKA. Nawasha taa, nafungua mlango, wanakaa tu wanatazamana, kila mmoja anasubiri jirani yake wa mtaa mmoja anyanyuke ili waongozane. Kuna madogo walikuwa wananiomba walale mle mle kwenye mabenchi. Mara mbili nimewasindikiza na tochi watoto wa watu, na mimi mwenyewe kurudi peke yangu nikawa naimba kwa sauti.

Afu zile zilizotafsiriwa kwa upande wa kutisha zilikuwa haziendi kabisa. Mtafsiri anaongea muda wote, yule dada anafungua mlango polepole jamaa anakwambia "sasa oneni huyu naye anapokwenda kufa" watu wanakufa kwa kicheko. Kwenye muvi ya kutisha kile kimya ndo chenyewe, ukikijaza maneno umebaki na komedi.

Kuhusu Evil Dead, ile kamera inayokimbia porini kama shetani anakuja, walikuwa hawana hela ya mitambo, waliifunga kamera katikati ya ubao watu wawili wakashika huku na huku wakatimua mbio. Ubao tu mkuu!

---

Bi Mkasi

Kaka yangu na sisi wanawake tupo, msidhani uzi ni wa kwenu. Mi fundi cherehani hapa Majengo na nikishona usiku lazima kitu cha kutisha kiwe kinalia pembeni, la sivyo nasinzia.

Iliyonimaliza mimi ni Ringu ya Wajapani, ya mwaka 1998, ile orijino sio ile waliyorudia Marekani 2002. Mkanda wa video, ukiutazama una siku saba. Sasa fikiria mimi nyumbani tuna deki, tuna mikanda isiyoandikwa jina imejaa kwenye boksi, na TV yetu kila stesheni ikifunga usiku inabaki CHENGA. Zile chenga za kwenye muvi ndo zilezile za sebuleni kwetu, mpaka mlio. Nilikuwa nachukua kile kitambaa cha kufuma cha mama naifunika TV yote mpaka chini, siku moja naona haitoshi nikaigeuza ikaangalia ukuta. Mama asubuhi akauliza nani kaipa TV adhabu.

Na yule mwanamke anavotembea pale mwisho, mwili unakwenda kama umevunjwa vunjwa, baadae ndo nikaja kujua walimrekodi anatembea kinyumenyume afu wakairudisha picha mbele. Kujua hakujanisaidia kitu.

Kwa hiyo jibu langu, sio umri. Chogo hatuna, chenga hatuna, TV ya siku hizi nyembamba kama sinia, mzimu utokee wapi?

---

Mlinzi wa Zamu

Mnajifungulia milango wenyewe afu mkianza kukabwa usiku mnatafuta watumishi. Ni hayo tu.

---

Bi Mkasi

@Mlinzi wa Zamu mbona na wewe umeusoma uzi wote mpaka chini 😂

---

Shemeji wa Area D

Mi nakataa wote. Mleta uzi unatazama kwenye flashi, taa zinawaka, simu mkononi, unasoma komenti za mpira afu unasema haitishi. Hata mbuyu wenu ungeuangalia hivo usingekutisha.

Pia una mazoea ya mashetani, ushawazoea, ni kama majirani. Jaribu ya kuogopa watu. Tafuta Night of the Living Dead ya George Romero ya 1968, usicheke kwamba haina rangi, damu yenyewe mle ni sosi ya chokoleti na bado utakaa sawa. Ipo Youtube bure na sio wizi, wakati wanabadilisha jina la muvi walisahau kuandika ile alama ya hakimiliki kwa hiyo kwa sheria za Marekani wakati huo ikawa mali ya kila mtu, jamaa kakosa hela nyingi sana hapo.

Sasa kibandani wote tulilelewa na kanuni moja, steringi hafi. Steringi wa humu ni mtu mweusi, Duane Jones, mwaka 68 Marekani hiyo, ndo mwenye akili kuliko wote kwenye ile nyumba, anapigilia mbao madirishani, anapanga kila kitu. Siendelei kusimulia. Zima taa, zima data, acha mlango wa chumbani wazi kidogo ufanye kama sentimita kumi hivi, afu uje hapa uongee tena habari za friji.

---

Kandambili Moja

Wakuu nimerudi. Shemeji nilifanya ulivosema jana usiku, taa zote chini, data off baada ya kuishusha, mlango nikauacha upenyo.

Saa moja ya kwanza nilikuwa najiona mjanja tu, mazombi yenyewe yanatembea kama wazee wanaotoka kwenye kikao. Afu kadri wale watu wa ndani wanavogombana ni nani akae juu na nani ashuke chini kwenye stoo nikajikuta nimekunja miguu juu ya kochi. Ikafika mwisho. Ule mwisho. Nilikaa nauangalia ukuta, naapa nimekaa dakika kama tano, na zile picha za mnato za mwishoni ndo zikanimalizia, zinafanana na picha za gazeti.

Halafu upepo ukapiga geti. Sikumbuki kama nilifunga komeo au la.

Nimewahi kupita kwenye lile korongo na miaka kumi, sasa nina arobaini na geti liko hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, nimeenda kumuamsha waifu anisindikize. Amevaa khanga akatoka na tochi bila kuuliza, tumefika geti lilikuwa limefungwa. Wakati tunarudi ndo ananiambia kesho hiyo muvi niianzishe saa mbili, watoto wakishalala, na yeye aione.

@Bi Mkasi hiyo ya Wajapani naipata wapi yenye maandishi?