Pi-hole na VPN nyumba moja: nani ajibu DNS?

mwana_ruta
Wakuu, nina Pi-hole, programu ya kuzuia matangazo kwa mtandao mzima wa nyumbani, kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo), anwani 192.168.1.2, na ruta inaigawa kwa kila kifaa kama DNS, yaani seva ya kutafuta anwani ya kila jina la tovuti. Nikiwasha VPN (huduma ya kuficha mawasiliano yangu) kwenye kompyuta, matangazo yanarudi yote, na kwenye kumbukumbu za Pi-hole kompyuta hiyo haionekani ikiuliza chochote. Nikizima VPN, hali inarudi kama kawaida. Naona njia tatu: nitumie kizuia matangazo cha VPN yenyewe, niilazimishe VPN iulize Pi-hole, au VPN niihamishie kwenye ruta. Ipi bora?

kebo_ndefu
Mkuu, hakuna kilichoharibika. Programu nyingi za VPN zikiwaka huweka DNS yao, maulizo yapite ndani ya handaki (njia iliyosimbwa ya VPN) na mtoa intaneti asijue unafungua nini. Pi-hole haiulizwi, sasa itazuia nini? Njia ya kwanza ni nyepesi, lakini orodha iko mikononi mwao. Tovuti unayoihitaji ikigoma kufunguka, mara nyingi huwezi kuiruhusu peke yake wala kuona domeini (jina la tovuti) iliyozuiwa. Mimi hilo tu lilinitosha kuikataa.

SevaChini
Kabla ya kuchagua, pima. VPN ikiwa imewaka, fungua dirisha la amri, andika nslookup (amri ya kuuliza DNS), kisha domeini unayojua imezuiwa, kisha 192.168.1.2. Ukijibiwa 0.0.0.0, yaani anwani tupu ya kilichozuiwa, Pi-hole inafikika, ni kompyuta tu inayouliza kwingine. Ukisubiri bila jibu, VPN imefunga mtandao wa ndani, na kuweka DNS ya Pi-hole kutakukatia intaneti yote. Rudia bila anwani ya mwisho uone seva gani inajibu.

Njia ya pili ina jambo ambalo watu hulipita. Kompyuta ikiuliza Pi-hole, Pi-hole nayo inauliza nje, na swali hilo halipiti kwenye VPN yako. Kurasa zimefichwa, majina ya tovuti yako wazi. Unbound, programu ya kujitafutia majibu ya DNS, haikusaidii hapo, maana inauliza seva za mizizi moja kwa moja bila kusimba. Unahitaji DoH au DoT, yaani DNS iliyosimbwa, kwenda nje. AdGuard Home, programu inayofanana na Pi-hole, inayo ndani yake. Pi-hole inahitaji msaidizi kama dnscrypt-proxy.

bibi_wa_poti53
Ndiyo maana mimi niko njia ya tatu. VPN ikikaa kwenye ruta, maulizo ya Pi-hole nayo yanapita kwenye handaki, na vifaa huvigusi kabisa. Gharama yake ni kasi: prosesa za ruta nyingi ni dhaifu, kati ya aina za VPN, OpenVPN inazichosha, WireGuard ni nyepesi zaidi. Na huduma za video zinazokataa VPN zitakataa nyumba nzima, isipokuwa ruta yako inaweza kutoa baadhi ya vifaa nje ya handaki.

kebo_ndefu
Naunga mkono, kama ruta inaweza. Mleta mada, angalia na IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti. Ruta nyingi hutangaza DNS yao kupitia IPv6 hata kama ya IPv4 umeibadilisha. Na usiweke 8.8.8.8 (DNS ya Google) kama DNS ya pili ukidhani itasubiri ya kwanza ife. Vifaa vinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili.

mwana_ruta
Nimepima. Nikiitaja Pi-hole najibiwa 0.0.0.0, nisipoitaja inajibu seva ya VPN. Ruta yangu haina WireGuard, kwa hiyo naenda na ya pili, pamoja na dnscrypt-proxy. Simu nikiwa nje je?

SevaChini
Weka WireGuard kwenye hiyo Pi, simu iingie nyumbani, DNS iwe Pi-hole. Ikikataa kujibu, tazama mpangilio wa violesura vya Pi-hole (mitandao inayoisikiliza): kwa kawaida Pi-hole hujibu mtandao wa karibu tu. Ukiulegeza, usifungue poti 53, ile ya DNS, kwenye ruta. Utageuka seva ya DNS ya dunia na watu wataitumia kushambulia wengine. Poti ya WireGuard pekee inatosha, kawaida UDP 51820. Kwenye Android zima pia DNS binafsi (Private DNS), la sivyo inaweza kuikwepa Pi-hole.

mwana_ruta
Shukrani wakuu. Na matangazo ya YouTube?

bibi_wa_poti53
Hayo DNS haiyawezi, mwanangu. Yanatoka domeini zilezile za video. Ukizizuia, na video hupati. Weka uBlock Origin, kizuia matangazo cha kivinjari, kwenye Firefox.