Baba anataka padri ampake mafuta kabla ya upasuaji, ndugu wanasema tunamuaga. Nishaurini

Binti_Mzee: Habari za jioni wapendwa. Baba yangu ana miaka 74, kaanguka bafuni wiki iliyopita, nyonga imevunjika. Alhamisi anafanyiwa upasuaji. Ana kisukari pia, na daktari hakutuficha hatari yake. Jana usiku kaniambia, "Niitie padri anipake mafuta." Nilipolifikisha kwa ndugu, shangazi akaangua kilio. Kaka mkubwa akasema padri akionekana wodini mzee atakata tamaa, eti tunamuaga mtu mzima hai. Namheshimu kaka, ila aliyeomba ni mgonjwa mwenyewe. Nifanyeje?

Mlimaviazi: Pole dada. Bibi yangu alipakwa mara tatu, na baada ya ile ya tatu alirudi shambani kupalilia. Mwambie kaka hivyo tu.

Katekista_Mstaafu: Binti yangu, hofu ya kaka yako ina mizizi. Kwa karne nyingi watu waliita padri mgonjwa akishaanza kukoroma, na jina lenyewe lilikuwa mpako wa mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulisema mwaka 1963 kwamba ni afadhali kuuita Mpako wa Wagonjwa, kwa sababu si wa wanaokata roho peke yao. Papa Paulo VI akatengeneza upya utaratibu wake mwaka 1972: mgonjwa anapakwa kwenye paji la uso na mikono. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji kwa ugonjwa mzito anastahili kabisa, na akipona kisha akaugua tena anapakwa tena. Sakramenti ya safari ya mwisho ni Komunyo ya pamba, yaani chakula cha safari kwa anayekaribia kufa, watu wanazichanganya. Ila mwite padri. Mimi katekista nasali na mgonjwa, simpaki.

Mlutheri_Halisi: Shikamoo mzee. Yakobo 5:14 inasema "na awaite wazee wa kanisa". Mbona kwenu ni padri tu?

Katekista_Mstaafu: Marahaba. Sisi tunawasoma hao wazee kuwa ni mapadri, Mtaguso wa Trento ulilisema hilo mwaka 1551. Ila angalia anayeita ni nani: mgonjwa. Mstari wenyewe unamjibu kaka mtu.

Moto_wa_Upako: Dada, nina mafuta yaliyoombewa, chupa ndogo tu, nakutumia hata leo. Upasuaji wa nini tena?

Nesi_wa_Zamu: Wewe wa chupa hebu tupishe. Nyonga iliyovunjika haiungwi na mafuta, na hata huyo padri hatamwambia mzee aache upasuaji. Dada, ongea na nesi wa wodi mapema, tutawavutia pazia. Msimpe mzee kitu chochote mdomoni akishaambiwa afunge. Hata Komunyo, ulizeni kwanza. Kwa niliyoyaona, wengi wakishapakwa wanalala usingizi, kilichokuwa kinawakesha ni kuogopa.

Binti_Mzee: Asanteni wote. Nilimsomea kaka maneno ya katekista, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza namba ya paroko. Padri anakuja kesho baada ya misa ya asubuhi. Shangazi bado kanuna, ila kasema atakuwepo. Mzee nilipomwambia, aliuliza kitu kimoja tu: nani atamnyoa ndevu.