Naombeni ushauri: insha za kidato cha pili

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa. Nafundisha Kiswahili huku Tukuyu, darasa moja lina wanafunzi 74. Wakisimulia kwa mdomo jinsi wanavyochuma chai au kupeleka ndizi sokoni, hutaki wanyamaze. Wakishika kalamu, wote wananakili utangulizi ule ule niliouandika ubaoni. Inaniuma sana.

Linda Flower na John Hayes, watafiti wa uandishi wa Marekani, walieleza mwaka 1981 kwamba mwandishi hupanga, huandika na kupitia, huku akirudi nyuma kila mara. Basi nikadai rasimu mbili. Kusahihisha insha 148 kumenishinda. Nikiwaachia wasahihishane, wanaishia kwenye herufi kubwa na nukta. Mnawafundishaje kuiona hoja ya mwenzao? Na rasimu ya kwanza mnaipa alama?