Fleti ya Nyali imeshuka kutoka milioni 9.2 mpaka 7.5, ninunue ama ningoje?

Mpangaji_Tudor
Asalam aleikum wanajamvi, na wasio waislamu habari zenu. Nnaomba ushauri ila msinicheke. Nina mke na watoto wawili, tumepanga Tudor hapa Mombasa kwa 32,000 na landilodi kila Januari lazma aongeze kitu. Kuna fleti Nyali, vyumba viwili, ghorofa ya tano, mwenyewe aliinunua 2019 jengo likiwa bado msingi kwa milioni 9.2, mwaka jana alikua anauza 8.5 saa hii anasema 7.5 na dalali ananinong'oneza kua hata 7.2 atachukua. Mimi nina milioni 3.2, za sako na za kishamba tulichouza Kilifi. Iliobaki 4.3 ni benki, miaka 15, riba asilimia 14, wamenambia kama elfu 57 kwa mwezi. Mshahara wangu na wa mke tukichanganya ni laki na themanini hivi.

Wasiwasi wangu ni kua bei inashuka. Nikinunua leo mwakani ikawa 6.5 je? Nikingoja ikapanda je? Halafu kuna jambo jengine. Babu yangu alijenga nyumba nzuri tu ya Kiswahili pale Majengo lakini ardhi si yake, nyumba bila ardhi kama nyingi za huko, mpaka leo mamangu analipa kodi ya ardhi kwa mwenye ploti na akiona mtu amesimama mlangoni na karatasi moyo unamruka. Nilijiapiza mie ntakua na hati yenye jina langu. Kwa hio pengine hapa nnatizama kwa moyo sio kwa hesabu.

kontena40
Niko kwa kliaring, kazi ya kutoa mizigo bandarini, tangu 2008, hebu nikupe ya huku. 2019 amri ikatoka makontena yapandishwe SGR, ile reli mpya, yaende Nairobi, madreva, matanboi, watu wa yadi, mama ntilie wa Changamwe, wote tukalia. 2020 korona ikafunga hoteli. Amri iliondolewa 2022 lakini si kila alofunga alifungua tena. Na kati ya yote hayo watu Nyali wanajenga tu, kila ploti fleti, kila mtu anataka kuweka Airbnb, sasa vitanda vingi wageni wachache. Akikwambia dalali "Nyali haishuki" muulize hio milioni moja na laki saba imeenda wapi.

Bi_Mkomani
Mwanangu mbona hesabu yako ina tundu? Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa 7.5 ni laki 3 taslimu na benki haikukopeshi hio. Wakili wako, wakili wa benki maana huyo pia unamlipa wewe, valua, bima. Ukimaliza hio 3.2 yako imebaki 2.8. Kwa hio mkopo si 4.3 ni 4.7, na kwa mwezi si elfu 57 ni kama elfu 62 na ushee. Na bado hujanunua hata jiko.

Mpangaji_Tudor
Subhanallah. Dalali hakunambia.

Bi_Mkomani
Atakwambiaje na yeye anangoja kamisheni.

nyali_homes_dalali
Si madalali wote ndugu zangu. Bei ya chini ndio wakati wa kununua, matajiri hununua watu wakiogopa. 7.2 hio ni zawadi. Nitext inbox.

kontena40
Huyu hapa ashafika 😂

hesabu_za_bibi
Achana na kupanda na kushuka kwanza. Fleti kama hio ikipangishwa ni ngapi? Tuseme 40,000, mwaka ni 480,000. Toa sevisi chaji, tuseme 7,000 kwa mwezi ni 84,000, umebaki na 396,000. Kwa fleti ya 7.5 hio ni asilimia 5 na kidogo, na hapo hujahesabu miezi ya kukaa tupu. We unakopa kwa 14. Yani fleti inakupa shilingi 5 benki inachukua 14, tofauti utaitoa mfukoni miaka 15 ukiomba bei ipande ikurudishie. Mwenzako amengoja tangu 2019 haikupanda.

Hassano_Kibokoni
Na riba yenyewe ni mtihani kwetu, wallahi sikuhukumu lakini angalia benki za kiislamu, kuna ule ununuzi wa ubia, benki inanunua na wewe, unalipa kodi ya fungu lao huku unalinunua kidogo kidogo mpaka yote iwe yako. Usidhani ni rahisi zaidi, mara nyengine kwa mwezi yaja sawasawa tu. Na kama ni benki ya kawaida basi angalau usikimbilie, Benki Kuu ilipandisha riba yake mpaka asilimia 13 Februari 2024 na kuanzia Agosti mwaka huo ikaanza kuishusha. Tena uliza sako yako kama wanapata pesa za KMRC, ile kampuni inayokopesha benki na sako pesa za mikopo ya nyumba, mikopo yake huja na riba ya chini.

MamaZuu
Mie naishi fleti Nyali mwaka wa sita, nimepanga, sijanunua na sijuti. Usiende kuangalia nyumba saa nne asubuhi na dalali, nenda peke yako baada ya magharibi uhesabu taa. Taa chache maana yake sevisi chaji inalipwa na wachache, basi lifti ikifa imekufa, jenereta haina mafuta, soja hajalipwa. Halafu fungua mfereji uonje maji. Visima vingi huku ni chumvi, inakula mifereji, inakula hita, na upepo wa bahari unakula grili na kiyoyozi kwa nje. Mie nabadilisha shawa ya bafuni kila mwaka. Maji ya kunywa na ya kupikia nanunua. Hayo hayako kwenye brosha.

wakili_njaa
Umesema unataka hati yenye jina lako. Sasa muulize muuzaji ana hati gani, hapo ndio kwenye mambo. Sheria ya 2020 inataka kila fleti iwe na hati yake na wenye fleti waunde shirika lao la kusimamia jengo, lakini majengo mengi bado yana lisi tu, yani mkataba wa kukodi wa miaka mingi, kutoka kwa mjenzi. Fanya sachi, yani utafute rekodi kwa ofisi ya ardhi, ujue hati mama, ile ya ploti nzima, ina jina la nani na kama ina mkopo juu yake. Kama ardhi ni ya lisi uliza imebaki miaka mingapi. Na reti za kaunti ziwe zimelipwa.

Mpangaji_Tudor
Muuzaji amesema tugawane kodi ya faida asilimia 15, ni sawa?

wakili_njaa
Hio ni ya muuzaji, si yako. Na tena faida gani? Amenunua 9.2 anauza 7.5. Anakuchezea ama hajui, vyote vibaya.

Mpangaji_Tudor
Nimerudi jamani, samahani kwa kukawia. Jumapili nilienda. Fleti 40, taa nilihesabu 13, na mbili nadhani ni za ngazi. Soja ananambia lifti imekufa tangu Ramadhani. Maji nimeonja, MamaZuu umesema kweli. Sachi imerudi jana, hati mama ina jina la mjenzi na iko benki, aliichukulia mkopo wa kujengea na haujafutwa, muuzaji mwenyewe ana lisi na risiti tu. Yani ni ile ile nyumba ya babu ila hii imepandishwa ghorofa ya tano.

Mke bado anaitaka, kisa ile roshani inaona bahari. Nimemwambia muuzaji anipangishe mwaka mmoja kwa 35,000, hati ikitoka benki na kila fleti ikapata yake tuongee bei upya. Amesema 38,000 na sevisi chaji juu yangu.

Bi_Mkomani
Mwambie 35 na sevisi chaji juu yake, na lifti itengenezwe kwanza.

Mpangaji_Tudor
Nishamtumia hivo hivo. Bluu tiki, hajajibu.