Mzazi aliye kwenye msaada wa serikali: asake kazi muda wote, ajitolee, au achukue kibarua?

Neema_wa_Pili
Habari zenu wakuu. Niko Marekani, nalea watoto wawili peke yangu, mdogo ana miaka mitatu. Tunapokea TANF, ule msaada wa fedha wa muda kwa familia zenye watoto, na afisa anayeshika faili langu anataka nimpelekee mpango mpya wa wiki. Njia ziko tatu:

A. Nisake kazi kutwa nzima, mtoto akiwa kituo cha kulelea watoto.
B. Nijitolee mapokezi kwenye kliniki isiyo ya kibiashara, maombi ya kazi niyatume jioni wakishalala.
C. Nichukue kibarua cha usafi wa ofisi usiku, ambacho tayari nimeahidiwa.

Zamani nilikuwa karani wa hospitali na huko ndiko ninakotaka kurudi. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi?

Mzee_wa_Mafaili
Dada, anza na kinachohesabiwa. Kwa vipimo vya serikali kuu, mzazi anayelea peke yake mwenye mtoto chini ya miaka 6 anatakiwa kufikisha wastani wa saa 20 za shughuli kwa wiki. Mtoto akivuka umri huo, ni 30. Jimbo lako linaweza kuwa na masharti yake juu ya hayo, kwa hiyo muulize afisa akuandikie.

Sasa angalia A. Kusaka kazi kunahesabiwa, ila kwa kawaida ni wiki 6 tu katika mwaka, na zisizidi 4 mfululizo. Majimbo yenye hali ngumu ya ajira huongezewa hadi 12. Huduma kwa jamii haina ukomo huo. Ukitegemea A peke yake, wiki zitaisha na kazi huenda bado hujaipata, halafu utalazimika kutafuta shughuli nyingine kwa haraka. Mimi napiga kura B.

Bado_Niko_Njiani
Naheshimu maoni ya mzee, lakini saa inakimbia. Fedha za serikali kuu kwenye TANF zina kikomo cha miezi 60 kwa maisha yote, tangu sheria ya 1996, na baadhi ya majimbo yameweka muda mfupi zaidi. Kila mwezi unaojitolea bila mshahara unakatwa humo humo. C inaleta pesa leo, na mwajiri anapenda kumwona mtu aliye kazini. Mtu mwenye watoto hali sifa za kujitolea.

MamaPacha
@Bado_Niko_Njiani, usiku huo watoto wanabaki na nani? Hilo ndilo swali la kwanza na hakuna aliyeligusa. Vituo vingi hufungwa jioni. Mtu wa kukaa na watoto usiku atataka malipo, na malipo hayo yanaweza kumeza kibarua chote. Mimi C naikataa kwa sababu ya ratiba yake, kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Kingekuwa kibarua cha asubuhi ningesema kachukue kesho.

Neema mdogo wangu, jambo hili wengi hawaambiwi: mzazi anayelea peke yake mtoto wa chini ya miaka 6, akithibitisha kwamba amekosa malezi yanayofaa, jimbo haliruhusiwi kumkata msaada kwa kushindwa kutimiza saa za kazi. Uthibitisho uwe wa maandishi: vituo ulivyoomba, tarehe, majibu waliyokupa. Ila ile miezi 60 inaendelea kuhesabiwa hata ukiwa chini ya kinga hiyo, kwa hiyo usikae nayo muda mrefu.

Huku_Uingereza
Huku kwetu mpango wa msaada wa serikali ni Universal Credit, na picha inabadilika. Kujitolea kunaweza kuchukua hadi nusu ya saa unazotakiwa kusaka kazi. Gharama za malezi wanarudisha hadi asilimia 85, lakini ni kwa aliye na kazi ya malipo, na kuna kiwango cha juu. Mshahara ukipita kiwango kinachoruhusiwa, kila paundi inapunguza msaada kwa peni 55. Kwa hiyo hapa kibarua cha mchana kingeshinda. Kwako muulize afisa: malezi yanalipiwa nikiwa najitolea, au mpaka niajiriwe? Jibu lake linaweza kukuamulia.

KaraniMstaafu
Nimewahi kuajiri watu wa mapokezi, kwa hiyo nazungumzia B tu. Kujitolea kunasaidia pale tu kunapofanana na kazi unayoitaka. Omba upangiwe kupokea simu, kupanga miadi na kutumia mfumo wa kompyuta wa wagonjwa. Wakikuweka kukunja vipeperushi, ongea nao mapema. Mdhamini aliyekuona kazini mwezi uliopita ana uzito kuliko wa miaka mingi nyuma, na kwa mtu mwenye pengo kwenye CV huyo ndiye anayekufungulia mlango wa usaili.

Msimamizi asaini karatasi ya saa zako kila wiki, nawe ubaki na nakala. Umefanya vizuri kuchagua kliniki isiyo ya kibiashara, kwa sababu sheria ya kazi ya 1938 hairuhusu kampuni binafsi ya faida kukufanyisha kazi bure kwa jina la kujitolea.

Neema_wa_Pili
Asanteni sana, MamaPacha umenigusa. Afisa amejibu kwamba malezi yatalipiwa nikiwa kwenye huduma kwa jamii. Nimechagua B, asubuhi nne kwa wiki. Ile ya tano naiacha kwa ajili ya usaili. Je, nikiitwa usaili siku ya kliniki?

KaraniMstaafu
Waambie siku ya kwanza kabisa kwamba unasaka kazi na utaomba ruhusa. Wakikataa hilo, tafuta kliniki nyingine. Na wakitangaza nafasi wao wenyewe, peleka maombi siku hiyo hiyo.

MamaPacha
Mjulishe na afisa pia kabla ya kwenda, ili saa hizo ziandikwe kama kusaka kazi.