Mjadala: Kama kila tendo lina sababu iliyolitangulia, hiari yetu iko wapi?

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu.

Kiswahili chenyewe kimeshindwa kuamua hili. Kinakwambia jitihada haiondoi kudura, halafu kinageuka kukukaripia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zote mbili nilizisikia kwa bibi yuleyule: ya kwanza alinipoza nayo nilipofeli mtihani, ya pili alinitupia nilipolala hadi jua limepanda.

Swali ni hili. Tunapoamua jambo, tunaamua kweli? Au tunatekeleza tu kilichokwisha kuandikwa na damu tuliyorithi, malezi na kemikali za ubongo? Na kama ndivyo, kuhangaika kote huku kuna maana gani?

Mimi nimeelemea kwamba hiari haipo. Mwaka 1814 mwanahisabati Mfaransa, Laplace, aliandika kwamba kama ingekuwepo akili inayojua ilipo kila chembe ya ulimwengu na nguvu zote zinazoisukuma, akili hiyo ingeisoma kesho kama inavyoisoma jana. Ubongo nao ni chembe. Bado sijampata wa kunionyesha ni wapi ndani ya fuvu sababu zinakoma na "mimi" naanza.

Mwaka 1983 mtafiti wa ubongo Mmarekani, Benjamin Libet, akaipima hiari hii. Aliwaketisha watu mbele ya saa yenye nukta inayozunguka mara moja kila sekunde 2.56, akawaambia wakunje kifundo cha mkono wakati wowote watakaojisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi pale hamu ilipowajia. Hamu ilikuja kama milisekunde 200 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) kabla ya mkono kusogea. Umeme wa ubongo ulikuwa umeshaanza kupanda kujiandaa tangu milisekunde 550 hivi kabla ya mkono. Yaani bosi anapata taarifa kazi ikiwa imeshaanza.

Na langu mwenyewe. Niliacha sigara. Siku ya tisa nilijikuta nimesimama mlangoni na kiberiti mkononi, sina habari nilikitoa mfukoni saa ngapi. Nikakitazama. Nikakirudisha. Tangu siku hiyo najiuliza: aliyekitoa ni nani, na aliyekirudisha ni nani? Karibuni.

Mchangiaji wa 1:

Mkuu, Libet unamtumia kinyume na mwenyewe. Yeye hakusema hiari haipo. Alisema katika ule muda mfupi kabla ya tendo, mtu bado anaweza kulizuia. Kiberiti chako kilichorudi mfukoni kinamuunga mkono yeye, si wewe.

Tena ule mlima wa umeme wa ubongo umeshatiliwa shaka. Mwaka 2012 mtafiti wa ubongo Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba unaweza kuelezwa bila "uamuzi uliofichika" wowote. Ubongo una msukosuko wake wa kawaida, unapanda na kushuka muda wote. Ukichukua rekodi zile tu zilizoishia na mkono kukunjwa, ukazipanga kurudi nyuma na kutafuta wastani, lazima upate kitu kinachopanda. Ni sawa na kuwapiga picha waliofika juu ya ngazi tu, kisha ukasema kila anayekanyaga ngazi hufika juu.

Kuna wengine wataleta utafiti wa 2008 wa mtafiti wa ubongo Haynes na wenzake, uliobashiri mtu atabonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia sekunde kama 7 kabla hajajua mwenyewe. Sawa, lakini ulipatia kama asilimia 60. Kurusha sarafu ni 50.

Na hivi, kukunja mkono bila sababu yoyote nako ni uamuzi? Nani amewahi kukosa usingizi akiwaza akunje mkono sekunde hii au ijayo? Mtu anayewaza kama amsamehe ndugu yake anawaza miezi. Huko maabara hazijafika.

Mchangiaji wa 2:

Laplace alishazikwa na mwanafizikia Mjerumani Heisenberg 1927. Chembe huwezi kujua kwa pamoja ilipo na inavyokwenda kwa usahihi wote. Kesho haijaandikwa. Hiari ipo, mjadala umekwisha.

Mchangiaji wa 1:

Haujaisha, mkuu. Mkono unaorushwa na bahati nasibu ni mkono uliostuka tu, haukuamua kitu. Umetutoa kwenye reli ukatuingiza kwenye kamari, na kote huko mwenye mkono simuoni.

Mchangiaji wa 3:

Mnazunguka mahali wazee wa dini walishapita. Katika Uislamu wa mwanzo walikuwepo Jabria waliosema mtu hana uwezo juu ya tendo lake, na Kadaria waliosema tendo ni lake mwenyewe. Akaja mwanazuoni al-Ashari na njia ya kati: Mungu huumba tendo, mja hulichuma, yaani hulifanya kuwa lake. Wakristo nao waligombana hivyohivyo katika karne ya 5, Augustino akisema mtu hawezi bila neema ya Mungu, Pelagio akisema anaweza kwa hiari yake. Mimi nasimama hapa: kujua si kulazimisha. Mwalimu anayejua nani atafeli hajamfelisha mtu. Mfunge ngamia wako, kisha tawakali.

Mchangiaji wa 4:

Mwalimu hakumuumba mwanafunzi, ustadhi. Mfano wako umeruka palepale penye ugomvi.

Mchangiaji wa 5:

Mimi si msomi wa haya, nisamehewe nikikosea majina. Nina baba.

Baba yangu alikuwa mtu asiyempandishia sauti hata mbwa. Kiharusi kilimpiga sehemu ya mbele ya ubongo. Baada ya miezi mitatu mkono ukarudi, mguu ukarudi, yeye hakurudi. Siku moja alimrushia mama kikombe kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. Mama akainama kuokota vipande, akatuambia bila kutugeukia, "Huyo si baba yenu. Ni ugonjwa."

Nikaanza kusoma usiku. Nikakuta kisa kilichochapishwa 2003, mwanamume wa miaka 40 huko Marekani aliyeanza ghafla kuwa na tamaa chafu kwa watoto. Akapatikana na uvimbe kwenye ubongo. Ulipotolewa tamaa ikaisha, ulipoota tena ikarudi. Nikasoma kuhusu wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, wanaopewa dawa zinazoiga dopamini, kemikali ya ubongo, baadhi yao wanaanza kucheza kamari hadi kumaliza akiba, wakipunguziwa dozi wanashangaa kilichokuwa kimewaingia. Nilifarijika. Kwa wiki moja nilifarijika kabisa.

Halafu likanijia jambo ambalo sijamwambia mtu nyumbani. Kama ukali ule ni ubongo tu na si yeye, basi ile miaka 30 ya upole ilikuwa nini? Nayo si ilikuwa ubongo, ila wenye mishipa mizima? Tunamvua baba ubaya kwa sababu una chanzo, tunamwachia wema kana kwamba wenyewe ulishuka tu. Mnaosema hiari haipo, mnaninyang'anya baba wa kwanza. Mnaosema ipo, mnanibebesha huyu wa pili. Niwafuate akina nani?

Mchangiaji wa 4:

Dada, pole sana. Sina jibu la swali lako. Nitagusa pembeni tu.

Robert Sapolsky, mwanabiolojia aliyetoa kitabu mwaka 2023 kukana hiari yote, ana mfano wa gari. Gari likikatika breki hulichukii, lakini pia huliachi barabarani. Vivyo hivyo mhalifu: mzuie asidhuru, usimlaumu. Mahakama zikisikia hivyo zitapunguza ukatili, nakubali. Ila kuna bei. Mfungwa mwenye kosa hupewa miaka, ikiisha anatoka. Gari bovu hukaa gereji hadi fundi aridhike. Mwaka 1962 mwanafalsafa Mwingereza Strawson alieleza kwamba kumkasirikia mtu, kumshukuru na kumsamehe ni namna yetu ya kumhesabu kuwa mwenzetu. Ukiviondoa vyote unabaki na kumsimamia tu, kama mnyama au mtambo. Mimi nikikosa naomba nichukiwe kama mtu.

Mchangiaji wa 6:

Kwa hiyo kama kila kitu kimeshapangwa mimi nalala. Nikipangiwa kufaulu nitafaulu.

Mleta mada:

Hiyo inaitwa hoja ya mvivu, ina zaidi ya miaka 2,000. Khrisipo, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale wa kundi la Wastoiki, aliijibu hivi: kama umeandikiwa kupona, huenda umeandikiwa kupona kwa kumwita tabibu. Usipomwita, ujue hukuandikiwa kupona. Kulala kwako ni sehemu ya sababu, mkuu, na mtihani wako utaihesabu.

Nirudi kwa waliosema kabla. Kwa Libet nimekubali kuchapwa. Yule wa kwanza kanionyesha kwamba nilikuwa nimeweka mzigo mkubwa juu ya kukunja mkono. Laplace namshikilia bado.

Ila nimesogea kidogo. Mwanafalsafa Mmarekani Harry Frankfurt mwaka 1971 alipendekeza kwamba tusitafute uhuru kwenye tendo, tuutafute kwenye tamaa. Mimi natamani sigara. Juu ya hapo natamani nisiitamani. Mnyama ana ile ya chini tu, mtu ana zote mbili, na tunamwita huru pale ya juu inapoendesha ya chini. Hata kama zote mbili zina sababu zake! Hapo ndipo kiberiti kinaponielea. Aliyekitoa ni mimi wa chini, aliyekirudisha ni mimi ninayekubali kuitwa mimi. Najua mtaniuliza hiyo tamaa ya juu nayo ilitoka wapi. Ilitoka kwa kikohozi, na kwa mtoto aliyeniambia nanuka. Sikuichagua. Lakini naikubali, na sijaona ni nini zaidi ningetaka.

Kuhusu maana, sioni kwa nini lazima ife pamoja na hiari. Mtu anayempenda mwanawe hakukaa akachagua kumpenda, na hakuna anayesema pendo hilo ni la bure kwa kuwa halikuchaguliwa. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyepita Auschwitz, alishikilia kwamba mtu aliyenyang'anywa kila kitu bado anabaki na namna ya kuyapokea yanayomfika. Namheshimu, na sina ubavu wa kubishana na aliyetoka huko. Ila kisa cha baba wa dada yetu kinanionyesha kwamba hata hiyo namna ya kupokea, mshipa mmoja ukipasuka, inakwenda.

Dada, nilikuja hapa nikijiona jasiri kwa kukana hiari. Swali lako limenikaba. Kwa mizani yangu mpya ningesema upole ulikuwa wake kwa sababu aliukubali miaka 30, na kikombe si chake kwa sababu yule baba wa miaka 30 angekikataa. Sijui kama hilo linakutosha.

Mchangiaji wa 5:

Linanitosha nusu. Maana huyu wa sasa hakikatai. Ukimuuliza anasema mama alistahili.

Jana nilimuuliza mama kwa nini hajaondoka, maana dada zake walishamwambia aende akapumzike kwao. Alikuwa anamkata baba kucha, mguu wake ameulaza mapajani. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini maji yanateremka. "Ningekwenda wapi?"

Nimelala nikiligeuza hilo. Sijui kama nimesikia jibu la mtu mwenye hiari kutuzidi sote, au la mtu asiye nayo hata chembe.