Mwajiri anakopesha baiskeli na kukata kwenye mshahara: nichague ipi kwa safari ya Tangi Bovu hadi Posta?

BintiWaKahama

Wanajamvi habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaoendesha baiskeli hapa Dar, hasa mnaoingia nayo mjini siku za kazi.

Ofisi yetu ipo Posta. Kampuni mama ipo Uingereza, na kule wafanyakazi wana mpango wa kupata baiskeli kupitia kwa mwajiri. Mwezi huu HR wameuleta na kwetu. Unachagua baiskeli kwenye duka linalotoa risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), kampuni inalipa, halafu mshahara unakatwa kwa miezi 12. Kikomo ni 2,400,000, yaani laki mbili kila mwezi. Fomu zinarudishwa tarehe 30.

Nakaa Mbezi Beach, Tangi Bovu. Mpaka ofisini ni kama kilomita 16. Kwa sasa natoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, daladala hadi Mwenge, nyingine hadi Posta, na siku nikichelewa napanda bodaboda. Nikipiga hesabu inakuja kama 4,500 kwa siku. Fedha hainiumizi kama ile saa moja na nusu ya jioni nimesimama, mkono juu, mkoba kifuani.

Baiskeli si kitu kigeni kwangu. Nimekulia Kahama. Nilijifunza kwenye Phoenix ya baba nikiwa nimepitisha mguu chini ya bomba la juu, maana sikuwa nafika kwenye siti. Darasa la sita nilikuwa nampeleka mdogo wangu zahanati kwenye karia. Ila tangu nije chuo Dar mwaka 2011 sijapanda, na hii ya resi yenye usukani uliopinda chini sijawahi kumiliki kabisa.

Dukani nimeona tatu. Ya kwanza ni nyekundu, fremu ya kaboni, matairi ya milimita 25, gia 11 nyuma, bei 2,400,000 kamili. Ya pili ya alumini, mfumo wa gia wa Shimano Claris, gia 8 nyuma, matairi ya milimita 32, breki za diski za kuvuta kwa waya, 1,560,000. Ya tatu ina usukani mnyoofu, 980,000. Muuzaji ananiambia kwa kuwa kampuni ndiyo inayolipa, nichukue ile ya kwanza. Na kweli nimeipanda kuzunguka maegesho, ni nyepesi mno, roho imebaki kwake.

Nina urefu wa sentimita 163 na kilo 62. Mngekuwa mimi mngechukua ipi? Na kwenye hiyo fomu kuna kitu cha kuangalia kabla sijasaini?

TabataKisiwani

Dada, nilikaa Leeds miaka saba na baiskeli yangu ya kwanza ya maana niliipata kwa mpango huohuo wa Uingereza. Ngoja nikueleze ulivyo kule, ili ujue kipi kimesafiri hadi Posta na kipi kimebaki.

Kule ulianza na sheria ya fedha ya mwaka 1999. Mwajiri anainunua baiskeli na kukukodisha. Kodisho linatolewa kwenye mshahara kabla haujakatwa kodi wala mchango wa bima ya taifa. Mtu wa ngazi ya kawaida anakatwa kodi asilimia 20, kwa hiyo ukijumlisha na ile bima anaokoa zaidi ya robo ya bei. Kwa miaka mingi waajiri wengi waliishia pauni 1,000, hadi mwongozo wa serikali wa 2019 ulipofungua njia kwa baiskeli za bei kubwa zaidi, za umeme zikiwemo.

Kitu kilichowashtua wenzangu wengi ni mwisho wa mkataba. Miezi 12 ikiisha baiskeli bado ni ya aliyekukodisha. Ukiitaka unalipa thamani yake ya siku hiyo, na mamlaka ya kodi ina jedwali lake: baada ya mwaka mmoja, iliyonunuliwa chini ya pauni 500 inahesabiwa asilimia 18 ya bei, ya 500 na kuendelea asilimia 25. Ikifika miaka minne inashuka hadi 3 na 7. Ndiyo maana watu wengi huongeza muda wa kukodi badala ya kuinunua mapema.

Sasa angalia slipu yako ya mshahara. PAYE, yaani kodi ya mshahara, itakatwa kwanza, ndipo makato ya baiskeli yatoke kwenye kinachobaki. Punguzo la kule limetokana na sheria ya kule, na kampuni haiwezi kulibeba ikaja nalo. Ulichopewa ni mkopo. Kama hauna riba ni mkopo mzuri na mimi ningeuchukua, lakini baiskeli ya 2,400,000 utailipa 2,400,000 kutoka mfukoni mwako, muuzaji aseme asemavyo.

Waulize HR kwa barua pepe, usiridhike na maneno ya kwenye korido: kuna riba? Risiti inaandikwa jina la nani, na lini inakuwa yako? Ukiacha kazi mwezi wa tano inakuwaje? Ikiibiwa mwezi wa pili, makato yanaendelea? Na helmeti, taa na kufuli vinaingia kwenye kikomo?

Mkongwe_Ilala

Achana na mkopo. Nenda Kariakoo na laki tano mkononi, chukua mtumba wa Ulaya, siku hiyohiyo unaondoka nayo ikiwa yako. Kukatwa mshahara mwaka mzima kwa ajili ya baiskeli sikushauri.

BintiWaKahama

Nashukuru mkuu, nimelifikiria hilo. Laki tano ya mkupuo sina kwa sasa, ada ya shule ya mwanangu imepita nayo. Na mpango hauruhusu duka lisilo na EFD.

TabataKisiwani, asante sana. Hayo maswali nimeyatuma leo kama ulivyoyapanga.

FundiMwananyamala

Dada yangu, mimi ni fundi, mwaka wa 14 sasa. Nakuomba usichukue ile nyekundu. Sisemi ni mbaya. Kwa mtu wa mazoezi ya Jumapili asubuhi kwenye lami safi ni baiskeli nzuri sana. Kwako wewe wa kila siku itakutesa, na nitakueleza itakutesea wapi.

Anza na matairi. Milimita 25 inataka upepo mwingi ndipo isijigonge kwenye ringi, na barabara zetu unazijua: lami imekatika, mfuniko wa chemba umezama, mchanga umejaa pembeni, na Bagamoyo Road tangu ujenzi wa mwendokasi uanze kuna kokoto kila mahali. Milimita 32 unaijaza upepo kidogo, kwa uzito wako psi 60 hivi (kipimo cha upepo) inatosha, inakanyaga mchanga bila kuteleza na mikono haifi ganzi.

Pili, upatikanaji. Tazama ubavuni mwa tairi, kuna namba 622, ndiyo saizi ya ringi kwa milimita. Hiyo ndiyo uishike kichwani unapokwenda dukani. Tairi ya Phoenix ya inchi 28 ni 635. Kwa jicho zinafanana, lakini haiingii, na kila mwezi napokea mtu aliyeuziwa hiyo. Tyubu za 622 kuanzia upana wa milimita 28 hadi 38 nazipata kwa sababu mitumba ya Ulaya imejaa magurudumu hayo. Za 25 nazunguka maduka manne. Angalia na valvu. Ikiwa ile nyembamba ya Presta, pampu za sheli haziishiki, nunua kile kijipande cha shaba cha kuunganishia, ukae na viwili, maana kimoja kitapotea.

Tatu, gia. Mnyororo wa gia 8 ndio uleule wa gia 6 na 7, upo kila mahali na una unene wa kuvumilia vumbi. Wa gia 11 ni mwembamba, ni ghali, na ukikatika Ijumaa unaweza kukaa wiki. Njia yako haina mlima wa kuhitaji gia nyingi hivyo.

Breki za waya, sawa kabisa. Za mafuta zinafunga vizuri zaidi, lakini hewa ikiingia zinataka vifaa maalumu na mafuta yake hasa. Waya nakubadilishia dakika kumi.

Kaboni ikiangukia ukingo wa barabara inaweza kupasuka ndani huku rangi ya nje imetulia, na hakuna wa kukuchomelea. Hata bolti zake zina kipimo cha kukaza, ukizidisha inatoa ufa. Alumini ina lake pia: hewa ya chumvi huko kwenu inafanya bomba la siti ligandane na fremu. Siku ya kwanza kabisa, kabla hujaondoka dukani, waambie walichomoe walipake grisi. Nimeshapasua fremu mbili za watu nikijaribu kutoa bomba lililoganda, na siku zote mbili niliumia.

Hesabu njiti za magurudumu. Ukikuta 32, vizuri. Ukikuta 20 za kupendeza, moja ikikatika ringi inayumba papo hapo na hufiki nyumbani.

MamaKigamboni

Shoga, karibu barabarani. Mimi navuka na kivuko Magogoni kila siku, kisha naendesha hadi Oysterbay. Mwaka wa nne huu. Fundi amemaliza ya vyuma, mimi niongee ya mwili na njia.

Saizi kwanza. Kwa urefu wako jaribu fremu ya sentimita 49 hadi 51. Simama juu ya fremu miguu chini, bomba la juu lisikuguse. Kaa, shika pale kwenye vishikio vya breki, viwiko vibaki vimelegea kidogo. Ukiona umenyoosha mikono kama unasukuma ukuta, ni kubwa. Na wakikuambia saizi yako imeisha, chukua 54 tutakurekebishia siti, toka dukani. Mimi nilikubali mara ya kwanza. Shingo iliniuma miezi minane, nikaiuza kwa hasara.

Siti inayokuja nayo usiichukie wiki ya kwanza, ila wiki ya tatu ikikuumiza bado, badilisha. Wengi wetu wanawake mifupa ya kukalia imeachana zaidi, tunataka pana kidogo nyuma. Laini sana ndiyo inayochubua.

Njia: usiingie Bagamoyo Road mwanzo hadi mwisho. Teremka Kawe, shika Old Bagamoyo, pita Mikocheni hadi Msasani, toka Coco Beach, panda Daraja la Tanzanite, uteremkie Aga Khan, kisha pembezoni mwa bahari hadi Posta. Tangu daraja lile lifunguliwe mwaka 2022, kilomita yake moja ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote hapa mjini. Kabla ya saa moja asubuhi unakuta maji yametulia na wavuvi wanarudi.

Kipindi cha kusi, kuanzia kama mwezi wa nne, upepo utakupiga usoni ukielekea mjini, na jioni utakusukuma nyumbani. Kaskazi itakuja ubavuni, na darajani hakuna kinga, kwa hiyo shika usukani vizuri na usijaze mkoba mgongoni. Mkoba ni wa kwenye karia. Mgongo ukiloa jasho, hata ufike na kanga ya kujifutia, blauzi imeshaharibika. Uliza kama ofisini kuna bafu. Kama hakuna, acha nguo za siku tatu Jumatatu, uje na taulo dogo.

Masika usijilazimishe. Dimbwi likifunika barabara hujui chini kuna nini, na wapo wenzetu walioingia kwenye mtaro ulio wazi. Siku hizo panda daladala.

BintiWaKahama

Ndugu zangu, nimerudi na majibu.

HR wamejibu kwa maandishi. Riba hakuna. Risiti inatoka kwa jina la kampuni, mwezi wa 12 ukikatwa wananipa barua ya makabidhiano bila malipo mengine. Nikiacha kazi, salio linatoka kwenye malipo yangu ya mwisho. Ikiibiwa, makato yanaendelea. Hili la mwisho limenifanya nitafute kufuli la maana. Vifaa vinakubalika vikiwa kwenye risiti moja na baiskeli.

Nimechagua ya alumini. 1,560,000, helmeti 95,000, taa za mbele na nyuma 60,000, kufuli la chuma lenye umbo la U 85,000. Jumla 1,800,000, nakatwa 150,000 kwa mwezi. Nauli inakula kama 99,000, kwa hiyo naongeza hamsini na moja elfu kwa mwaka mmoja, na zaidi kidogo miezi ya mvua. Naziweza.

Dukani walikuwa na 54 tu. Nilifanya kama ulivyosema, MamaKigamboni, nikaona kweli nasukuma ukuta. Wakaniambia watafupisha shingo ya usukani. Nikakataa, nikaomba 51, wamesema itatoka bohari baada ya siku tisa. Inawahi tarehe 30.

Jana usiku nilimpigia baba Kahama nikamweleza zote tatu, kaboni, gia, bei. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Ina karia?" Nikaangalia picha kwenye simu. Ile nyekundu haina hata tundu la kufungia. Ya alumini ina matundu nyuma ya karia na ya madigadi. Baba akasema basi hiyo ndiyo baiskeli. Nilikaa kitandani muda nikikumbuka ile njia ya zahanati, mdogo wangu amenishika kiunoni.

Fundi, naomba nikuletee Jumamosi ikitoka. Karia ninunue wapi?

FundiMwananyamala

Usinunue bado, dada. Breki ya diski imekaa pale mguu wa karia unaposhukia, kuna karia zinazogonga. Njoo nayo kwanza nipime, ninazo mbili za mtumba hapa. Na kabla ya kusaini kuipokea, waambie wachomoe bomba la siti mbele yako, uione grisi kwa macho yako.

BintiWaKahama

Sawa. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa Mwananyamala.